Mwenzangu amehama bila kumaliza kodi: nimdai kiasi gani, na nimdaie wapi?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule binafsi hapa Dodoma, nina umri wa miaka 29. Mwezi wa Julai mwaka jana, mimi na dada mmoja tuliyefahamiana kwenye kwaya tulipanga nyumba ya vyumba viwili, sebule na jiko huko Nkuhungu, kwa kodi ya shilingi 180,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba wetu hupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo kila mmoja alitakiwa kutoa shilingi 540,000. Mkataba uliandikwa kwa jina langu peke yangu, kwa kuwa siku ya kusaini mwenzangu alikuwa safarini, lakini fedha tulichanga nusu kwa nusu na awamu ile ya kwanza ilikwisha bila neno.

Januari mwaka huu, tulipotakiwa kulipia miezi sita mingine, mwenzangu alitoa 240,000 na kuniahidi kwamba 300,000 zilizobaki angezikamilisha mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba hakutaka nusunusu, nikakopa kwenye kikoba nikajazia. Mwisho wa mwezi ukapita, Februari ikapita, na mwishoni mwa Machi akaniambia kwamba amepata kazi Singida. Alihama Jumamosi moja nikiwa kazini. Niliporudi nilikuta chumba kimefagiliwa vizuri, ufunguo uko juu ya meza, na friji lake dogo limebaki kwa sababu, kama alivyoniandikia, gari halikuwa na nafasi.

Tangu hapo nikimpigia hapokei, na nikimwandikia hunijibu, “Nakutumia dada, vuta subira.” Chumba chake kilikaa kitupu hadi katikati ya Mei, mdogo wangu wa kike alipokuja kufanya mafunzo kwa vitendo, akakitumia hadi mwisho wa Juni. Nimepiga hesabu ya ninachomdai: kodi 300,000, ankara ya maji ya Machi 28,000, riba niliyolipa kwenye kikoba 30,000, na usumbufu 54,000. Jumla ni shilingi 412,000. Wapo wanaonishauri niuze lile friji, wengine niende polisi, na wengine niweke picha yake kwenye kundi la WhatsApp la kwaya ili aone aibu. Nishauri, Mama.

Mpangaji, Nkuhungu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Haki ya kudai unayo, ila shilingi 412,000 humdai, na nitaanzia hapo kwa sababu hesabu iliyotiwa chumvi ndiyo inayompa mdaiwa mlango wa kutokea. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na watu waliofika dirishani kwangu wakiwa na uchungu mwingi na tarakimu chache walirudi nyumbani mikono mitupu mara nyingi kuliko wale waliofika kimya wakiwa na daftari. Namkumbuka kijana mmoja aliyekuja na daftari la shule la kurasa 40, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, akiwa ameandika kila shilingi, tarehe yake, na mtu aliyekuwapo ilipotoka. Mdaiwa wake alipofunuliwa ukurasa wa pili alikubali deni pale pale, kabla hata shauri halijafunguliwa.

Sasa tulifungue daftari lako. Sehemu ya mwenzako ilikuwa 90,000 kwa mwezi. Kuanzia Januari hadi Machi aliishi humo miezi mitatu, ambayo ni 270,000, na alikuwa ametoa 240,000. Kwa hiyo hata tukihesabu siku alizolala ndani ya nyumba ile tu, bado anadaiwa 30,000. Aprili, Mei na Juni hakuwapo, lakini Januari mlikubaliana kulipia miezi sita, naye akaanza kulipa na kuahidi salio, na kwa ahadi hiyo wewe ukaingia mfukoni. Kwamba ahadi hiyo haikuandikwa popote hakuifuti, kwa maana Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo ilimradi wahusika wamekubaliana kwa hiari yao na kwa jambo halali. Kwa hiyo 270,000 za miezi ile mitatu nazo ziko upande wako, na ndipo inapopatikana ile 300,000.

Lakini chumba kile hakikukaa kitupu miezi yote mitatu. Mdogo wako alikitumia kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni, yaani mwezi mmoja na nusu, ambao thamani yake ni 135,000. Sheria hiyo hiyo, inapomfidia aliyevunjiwa makubaliano, huangalia pia njia alizokuwa nazo za kupunguza hasara yake. Nawe hasara ya kipindi hicho uliipunguza, hata kama mdogo wako hakukulipa chochote, kwa sababu kumkaribisha ndugu bure ulikuwa uamuzi wako wala si wa yule dada wa Singida. Ondoa 135,000 kwenye 300,000 na utabaki na 165,000. Najua hili litakuuma kidogo, na pengine utasema kwamba mdogo wako angeweza kulala chumbani kwako. Angeweza, ila hakulala huko.

Maji ya Machi mliyatumia wawili, kwa hiyo katika 28,000 nusu yake ni yako na yeye anadaiwa 14,000. Kuhusu riba ya kikoba nina swali moja: siku ile ya Januari ulimwambia kwamba unakwenda kukopa kwa ajili ya pengo lake, na kwamba mkopo huo una riba? Kama ulimwambia, na hasa kama ulimwandikia, alijua hasara ambayo ucheleweshaji wake ungekuletea, na una hoja ya kumdai zile 30,000. Kama ulikopa kimya kimya na yeye akaja kusikia habari za riba mwezi wa Julai, iache. Hizo 54,000 za usumbufu zifute leo hii. Hazina risiti, hazina makubaliano, na zitamfanya msuluhishi yeyote akutazame kwa jicho la pembeni hata kwenye tarakimu zako za haki.

Deni lako basi ni shilingi 179,000, au 209,000 kama la riba lina ushahidi. Hicho ndicho kiasi cha kusimamia, na usikibadilishe tena, si kwa hasira wala kwa huruma, mpaka yeye mwenyewe ajibu kwa hesabu.

Kabla ya kumwandikia, kusanya karatasi zako: mkataba wa pango, stakabadhi ya Januari kutoka kwa mwenye nyumba, ankara ya maji, taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha 240,000 alizokutumia, na ujumbe wote aliokuandikia. Yale maneno yake ya “nakutumia dada” ambayo wewe unayaona kejeli, mimi nayaona dhahabu, kwa sababu mtu asiyedaiwa huuliza unamdai nini, haahidi kutuma. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani kama ushahidi, ilimradi unaweza kuonyesha umetoka wapi na kwamba haukuchezewa. Kwa hiyo usifute chochote, usibadilishe simu bila kuhifadhi mazungumzo hayo, na usikate kipande kimoja cha mazungumzo ukaacha kile ambacho wewe ndiye uliyejibu kwa ukali.

Kisha mwandikie ujumbe mmoja, usio na matusi, usio na Mungu anakuona, na wenye hesabu yote ndani yake. Unaweza kuandika hivi: “Dada, habari za Singida. Januari tulikubaliana sehemu yako ya kodi hadi Juni ni 540,000, ukatoa 240,000, zikabaki 300,000. Nimeondoa 135,000 za siku ambazo mdogo wangu alitumia chumba chako. Nimeongeza 14,000 ambazo ni nusu ya maji ya Machi. Salio ni 179,000. Naomba unijibu kabla ya tarehe 30 kama unakubali hesabu hii, na kama huwezi kulipa zote, uniambie utaanza na kiasi gani na kwa tarehe zipi. Friji lako lipo salama. Niambie nani atakuja kulichukua.” Ukimtumia maneno hayo asipojibu, kimya chake si ukiri, lakini umeonyesha kwamba ulimpa nafasi, na hilo lina uzito mbele ya yeyote atakayesikiliza jambo hili baadaye.

Akijibu kwamba anakubali, usishangilie mapema. Mwombe aandike kwa mkono wake na kusaini kwamba anakiri kudaiwa kiasi hicho, kilichotokana na kodi ya nyumba ya Nkuhungu, na kwamba atalipa kwa awamu za tarehe fulani na fulani, kisha akutumie picha ya karatasi na nakala halisi aitume kwa basi. Madai yatokanayo na makubaliano ya namna hii yana ukomo wa miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, na mdaiwa anapokiri kwa maandishi au kulipa sehemu ya deni kabla ya muda huo kwisha, hesabu ya miaka huanza upya. Kwa hiyo hata akikutumia 20,000 tu zikiambatana na maneno kwamba ni sehemu ya deni la kodi, zipokee na umjibu kwamba umezipokea na sasa salio ni kadhaa. Nimewaona watu wakizirudisha fedha ndogo za namna hiyo kwa kiburi, na sijamwona aliyefaidika kwa kuzirudisha.

Friji usiliuze. Si mali yako, hamkuwahi kukubaliana kwamba litakuwa dhamana, na siku utakapoliuza wewe ndiye utakayegeuka mlalamikiwa, tena katika jambo baya zaidi kuliko lako. Liandike lilivyo, lipige picha ukiwa na jirani au balozi wenu kama shahidi, na litunze. Ila hakuna ubaya kumwuliza kama yuko tayari kukuachia friji kwa bei mtakayokubaliana ili thamani yake ipunguze deni. Kwa mtu aliyekwisha kuhamia zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na ambaye pengine ameshanunua jingine, huenda hilo likawa jepesi kuliko kutoa fedha taslimu. Akikubali, iwe kwa maandishi yanayotaja bei na salio.

Polisi nao waache na kazi zao. Kushindwa kulipa deni la makubaliano ni madai, si jinai, na askari hana kazi ya kumkusanyia mtu kodi ya chumba. Ukisikia mtu anajigamba kwamba alimweka mwenzake mahabusu mpaka akalipa, ujue hapo kuna sheria iliyopindishwa, na iliyopindishwa kwa manufaa yako leo inaweza kupindishwa dhidi yako kesho kutwa.

Lile la picha kwenye kundi la kwaya ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu ndilo rahisi kulitenda usiku ukiwa na hasira. Ukimwita tapeli mbele ya watu 80, tayari umetoka kwenye suala la 179,000 na kuingia kwenye suala la heshima ya mtu, ambalo linaweza kukupeleka mahakamani kama mdaiwa wa kashfa; na tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kusambaza picha na namba ya simu ya mtu bila ridhaa yake ni jambo la kulifikiria mara mbili. Kwaya ina viongozi. Kama kuna mama au mzee ambaye nyote wawili mnamheshimu, mweleze faraghani, umwonyeshe daftari, na umwombe ampigie. Nakwambia kwa uzoefu wa dirisha langu kwamba simu moja ya mtu mzima anayeheshimika imewahi kumaliza madeni ambayo barua tatu za mawakili zilishindwa kuyagusa. Usimpigie mwajiri wake mpya, hata kama namba unayo, kwani ukimharibia kazi umeharibu pia kile kitakachokulipa.

Ikishindikana, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wa Nkuhungu ulikofanyika upangaji. Hana mamlaka ya kumlazimisha mtu alipe, lakini anaweza kuwaita, kuwasuluhisha na kuandika mlichokubaliana. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nao wanaweza kukusaidia kupanga maelezo yako bila malipo, na ofisi ya maendeleo ya jamii inaweza kukuelekeza waliko. Baraza la ardhi na nyumba si mahali pake, maana hapa hakuna anayegombea nyumba. Ni mtu anayemdai mwenzake fedha.

Hatua ya mwisho ni Mahakama ya Mwanzo. Kiasi chako ni kidogo sana kuilinganisha na uwezo wa mahakama hiyo katika madai, huhitaji wakili, na lugha yake ni hii hii tunayoandikiana. Unaweza kufungua shauri mahali ambapo jambo lilitokea, yaani hapa Dodoma, au kule anakoishi mdaiwa. Mimi ningekushauri Dodoma, walipo mashahidi wako, ingawa utahitaji anwani yake sahihi ya Singida ili wito umfikie. Utaeleza, yeye ataeleza, na ushahidi ulio mzito ndio utakaobeba uamuzi. Mahakama ikikupa haki inaweza pia kuamuru alipe kidogo kidogo. Lakini kabla hujaenda, kaa chini uhesabu ada, nauli, na siku utakazoomba ruhusa shuleni. Kwa 179,000 mimi ningekwenda mahakamani tu kama amekataa deni waziwazi. Kama anakiri na kuchelewa, ningeendelea kumkamua 30,000 kwa 30,000 mpaka ziishe.

SWALI

Mimi ndiye niliyehama. Nilikuwa nachangia nyumba na rafiki yangu Nzuguni, tulikuwa tumelipa miezi mitatu, na mimi sikuwa nimemaliza sehemu yangu ya mwezi wa tatu, shilingi 70,000. Mwanzoni mwa mwezi wa pili nikapata uhamisho wa kikazi kwenda Kondoa. Nilimpa taarifa ya wiki tatu, na nikamletea kijana mstaarabu wa kuchukua nafasi yangu, aliyekuwa tayari kulipa siku hiyo hiyo. Alimkataa akisema hapendi kuishi na mtu asiyemjua, na sasa ananidai ile 70,000. Je, nadaiwa?

Msomaji, Kondoa

JIBU

Hapana, kwa maoni yangu, au kama unadaiwa ni kidogo sana. Rafiki yako ana uhuru wa kuchagua anayelala naye chini ya paa moja, na simlaumu, lakini uhuru huo una gharama yake na hawezi kukutumia wewe ankara yake. Ulitoa taarifa mapema, ulileta mtu mwenye fedha mkononi, na yeye akaamua kukaa na chumba kitupu. Kama ulikaa hata siku chache za mwezi ule wa tatu kabla ya kuondoka, lipa siku hizo, pamoja na umeme wa LUKU uliotumia, na umwandikie ukimkumbusha tarehe uliyompa taarifa na siku uliyomleta yule kijana. Mwombe kijana huyo naye akuandikie mistari miwili ya kuthibitisha. Urafiki wenu una thamani kuliko 70,000, kwa hiyo ukiona vema kumpa nusu yake ili yaishe, toa kwa hiari yako, lakini andika kwamba unatoa kwa ajili ya suluhu na kwamba hukiri deni.

SWALI

Mimi na mwenzangu tulisaini mkataba wote wawili, kodi ya mwezi ni 90,000 na kila mmoja hutoa 45,000. Yeye ametoroka na mwenye nyumba hapa Chang’ombe anataka mimi nilipe miezi mitatu yote, yangu na yake. Nimemwambia nusu nyingine akamdai aliyetoroka. Nani ana haki?

Fundi seremala, Dodoma

JIBU

Mwenye nyumba ana haki, isipokuwa mkataba wenu uwe umeandika wazi kwamba kila mpangaji anawajibika kwa sehemu yake tu. Watu wawili wanapoahidi jambo kwa pamoja, Sheria ya Mikataba inamruhusu aliyeahidiwa kumbana yeyote kati yao atimize ahadi yote, na yule aliyetimiza ndipo anapopata haki ya kumgeukia mwenzake amrudishie nusu. Mgawo wa 45,000 kwa 45,000 ni makubaliano yenu ninyi wawili ndani ya nyumba, na mwenye nyumba hahusiki nayo. Kwa hiyo tafuta namna ya kulipa 270,000, hata kwa kuomba awamu, kabla hajakupa notisi, na ulize mapema kama anakubali uingize mpangaji mwingine katika chumba kilichobaki wazi. Siku ya kulipa usiridhike na stakabadhi inayosema tu “kodi ya miezi mitatu.” Mwombe aandike jina lako kamili kama mlipaji, tarehe, na kwamba 135,000 kati ya fedha hizo umemlipia mwenzako ambaye naye alisaini mkataba; piga picha ya stakabadhi hiyo, mtumie huyo mwenzako siku hiyo hiyo kwenye namba yake ya zamani, hata kama unadhani ameshaitupa.